Miaka ya "Jeni ya Lugha"

Julai 2025 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa kuhusu kigugumizi. Vinasaba vya watu zaidi ya milioni moja vilichambuliwa, wote wateja wa kampuni moja ya Marekani inayopokea mate kwa posta na kumrudishia mtu taarifa za asili na afya yake. Maeneo 57 ya vinasaba yakaonekana kuhusiana na tatizo hilo. Kazi ni nzuri na sina ugomvi nayo. Kilichonirudisha nyuma ni maswali yaliyofuata. Kipimo kitafika lini hospitalini? Na kama tatizo ni la kuzaliwa nalo, kuna haja gani tena ya kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa tiba ya usemi? Maswali hayohayo yalizagaa Oktoba 2001, wakati dunia ilipotangaziwa kwamba "jeni ya lugha" imepatikana. Kati ya matangazo hayo mawili nimeifuatilia elimu ya jeni kama mtu ambaye shauku yake ni usemi wa watoto kuliko molekuli zenyewe. Nikiipitia miaka hiyo upya, jambo moja linajirudia. Elimu ya jeni imemfaa mtoto asiyezungumza vizuri kila pale ambapo kuna mtu aliyekwisha kumsikiliza kwa makini na kuandika alichosikia. Pale ambapo usikilizaji huo haukuwepo, imezaa takwimu na vichwa vya habari.

Chukua familia ya London ambayo vitabuni huitwa KE. Katika vizazi vitatu, karibu nusu ya watu wake walikuwa na usemi ambao mgeni asingeuelewa. Mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu huko Brentford, magharibi mwa jiji, ndiye aliyegundua kwamba tatizo linafuata mkondo wa damu, akawasukuma madaktari walitazame. Taarifa ya kwanza ya kitabibu ilitoka mwaka 1990, nayo ilieleza tatizo la kupanga miendo ya usemi. Mwaka huohuo Myrna Gopnik wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, akaandika katika jarida la Nature kwamba walichokosa ndugu hao ni sehemu ya sarufi, kama vile kuonyesha umoja na wingi au wakati uliopita. Faraneh Vargha-Khadem na wenzake wa London wakajibu mwaka 1995 kwamba picha hiyo ni finyu. Ndugu walioathirika walishindwa hata kufuatanisha miendo ya midomo na ulimi isiyo na neno lolote ndani yake, na walikuwa nyuma ya ndugu zao katika mambo mengine pia. Nakumbuka wanaisimu walivyoushabikia mzozo huo kana kwamba heshima ya sarufi yenyewe imewekwa rehani. Kwa mtaalamu wa tiba, hata hivyo, lilikuwa swali la kazi ya kesho asubuhi. Ukimwamini Gopnik, utampa mtoto mazoezi ya sarufi. Ukimwamini Vargha-Khadem, utaanza na silabi, ulimi na midomo, ukizifuatanisha polepole hadi zizoeleke. Jeni yenyewe ilipopatikana mwaka 2001 na kundi la Oxford la Simon Fisher, Cecilia Lai na Anthony Monaco, ilikuwa FOXP2 katika kromosomu ya 7, na kosa lilikuwa la herufi moja tu. Kilichosaidia sana kuifikia ni mtoto mwingine asiye na undugu na KE, ambaye kromosomu yake ilikuwa imekatika mahali hapohapo. Angebaki jina katika faili la hospitali kama usemi wake usingeelezwa kwa kina cha kutosha kufananishwa na ule wa familia hiyo. Maabara iliifikia jeni kwa kufuata njia iliyokwisha kuchorwa na mwalimu na madaktari wenye masikio.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shangwe kupita kiasi. FOXP2 si jeni ya lugha. Ni jeni inayosimamia jeni nyingine, ikiziwasha na kuzizima, na haifanyi kazi ubongoni tu bali pia katika mapafu, moyo na utumbo. Lakini mwaka 2002 kundi la watafiti wa Leipzig, Ujerumani, lilionyesha kwamba jeni hiyo ina tofauti mbili kati ya binadamu na sokwe, likapendekeza kwamba ilienea haraka miongoni mwa binadamu ndani ya miaka 200,000 iliyopita, na hadithi ikawa tamu mno kuachwa. Mwaka 2007 tofauti hizo mbili zikakutwa pia kwa Waneanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Mwaka 2018 Elizabeth Atkinson, Brenna Henn na wenzao wakairudia hesabu kwa sampuli kubwa yenye Waafrika wengi zaidi, na ile alama ya uenezi wa haraka ikatoweka. Ilikuwa imezaliwa na mchanganyiko wa watu wachache waliopimwa mwanzoni, ambamo Afrika ilikuwa na nafasi ndogo sana. Msomaji wa Mombasa au Dodoma anaweza kuuona huu kuwa ugomvi wa wataalamu wa mambo ya kale. Kwangu ni onyo kuhusu watoto wetu. Ikiwa kuwaacha Waafrika nje kulipotosha historia ya binadamu wote, kutapotosha pia kipimo chochote cha usemi kitakachotengenezwa bila wao na kisha kuletwa kwao.

Somo ambalo halikupata vichwa vya habari lilitoka kwa mapacha. Mwaka 1995 Dorothy Bishop na wenzake walionyesha kwamba pacha mmoja akiwa na tatizo la lugha, uwezekano wa mwenzake kuwa nalo ni mkubwa zaidi kwa mapacha wa yai moja kuliko kwa mapacha wa mayai mawili. Hiyo ni hoja ya kawaida ya urithi. Kisha utafiti mkubwa wa mapacha waliozaliwa Uingereza na Wales kati ya 1994 na 1996 ukaleta jibu la kutatanisha: kwa watoto wa miaka minne waliotambuliwa kwa mitihani ya lugha, mchango wa urithi ulionekana kuwa mdogo sana. Bishop na Marianna Hayiou-Thomas walikuja kulifumbua fumbo hilo mwaka 2008. Waliwatazama watoto walewale, lakini safari hii wakawachagua wale ambao wazazi na walimu walikuwa na wasiwasi nao kiasi cha kuwapeleka kwa wataalamu wa usemi, na urithi ukapanda juu. Waliopelekwa ni hasa watoto ambao matamshi yao hayakueleweka, maana mtu yeyote huyasikia matamshi mabovu. Mtoto anayetamka vizuri lakini haelewi sentensi ndefu hukaa kimya nyuma ya darasa akihesabiwa kuwa mtulivu, au mvivu. Kwa hiyo ukiuliza "tatizo la lugha linarithiwa kwa kiasi gani?", jibu linategemea nani alimsikia mtoto, na alisikia nini. Sijawahi kukutana na matokeo mengine ya jenetiki yanayomhusu mtaalamu wa tiba moja kwa moja kiasi hicho. Yanamwambia kwamba foleni iliyoko mlangoni kwake haiwakilishi watoto wote wanaomhitaji.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi kongwe kuliko yote, lile la mzazi anayesema kwamba kama ni la damu basi tiba ni kupoteza nauli. Uziwi unalijibu vizuri kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba kasoro katika jeni ya GJB2 husababisha uziwi wa kuzaliwa, na huko Ulaya jeni hiyo peke yake hubeba sehemu kubwa ya uziwi wa kurithi usioambatana na ugonjwa mwingine. Huo ni urithi mtupu. Lakini kwa kuwa kasoro iko ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani, na neva ya kusikia imebaki salama, watoto hao ni miongoni mwa wanaonufaika zaidi na kifaa cha kusikia kinachopandikizwa sikioni, pamoja na mafunzo ya usemi yanayofuata. Jeni imetaja mahali palipoharibika na pasipoharibika, na taarifa hiyo ndiyo inayomfanya mtaalamu awe na matumaini yenye msingi. Tangu 2017 upandikizaji huo unafanyika Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa India. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai waliripoti kwamba watoto watano kati ya sita waliozaliwa viziwi kwa kasoro ya jeni nyingine, OTOF, walianza kusikia baada ya kupewa nakala nzima ya jeni hiyo. Hata hao walihitaji mtu wa kuwafundisha kuyageuza masikio mapya kuwa maneno. Sioni mahali ambapo urithi ulifuta kazi ya mtaalamu wa usemi. Umeibadilisha, na mara nyingine umeiongeza.

Kinachobadilika hasa ni nini? Jeni haimpi mtaalamu zoezi jipya, na nadhani tumepoteza muda mwingi kulitarajia hilo. Inachompa ni habari za nini kingine akitafute nje ya kinywa, lini aanze na lini aache. Kuna hali inayotokana na kipande kidogo kukosekana katika kromosomu ya 22. Mmoja wa walioieleza vizuri mapema, mwaka 1978 huko New York, alikuwa Robert Shprintzen, ambaye mwenyewe ni mtaalamu wa usemi. Kromosomu yenyewe ilikuja kuhusishwa mwaka 1992. Watoto hao mara nyingi husema kwa sauti inayotokea puani kwa sababu kaakaa laini halifungi njia ya pua, wakati mwingine kwa sababu ya mpasuko uliojificha chini ya ngozi ambao mtu akichungulia mdomoni hauoni. Mtaalamu asiyejua atampa mtoto maputo na filimbi apulize mwezi baada ya mwezi, mazoezi ambayo hayazibi njia hiyo. Daktari asiyejua ataondoa nyama za puani akidhani ndizo zinazoharibu sauti, kumbe ndizo zilizokuwa zikilisaidia kaakaa kuziba, na mtoto atatoka chumba cha upasuaji akieleweka kwa shida zaidi. Mwenye kujua atampeleka kwa daktari wa upasuaji wa kaakaa, na hataishia hapo, kwa sababu kromosomu hiyohiyo huambatana na kasoro za moyo na upungufu wa kalsiamu katika damu. Sauti ya puani imekuwa mlango wa kuufikia moyo. Na aliyeufungua mlango huo ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti.

Mfano wa pili unatugusa zaidi, kwa sababu degedege ni neno la kila nyumba Afrika Mashariki. Mwaka 1957 William Landau na Frank Kleffner walieleza habari za watoto waliokuwa wakizungumza vizuri kisha wakaipoteza lugha, huku vipimo vya umeme wa ubongo vikionyesha kifafa. Mwaka 2013 makundi matatu ya watafiti yalionyesha kwa wakati mmoja kwamba kasoro za jeni ya GRIN2A zimo katika baadhi ya familia zenye hali hiyo na nyingine zinazofanana nayo. Mtoto wa namna hii anaweza asionekane akitetemeka hata siku moja, kwa kuwa dhoruba ya ubongo hutokea usingizini. Mtaalamu wa usemi anayeifahamu GRIN2A akimwona mtoto ambaye maneno yake yanarudi nyuma, na katika ukoo wake kuna mjomba mwenye kifafa, ataomba kipimo cha umeme wa ubongo cha usingizini kabla ya kupanga ratiba ya mazoezi. Kwa watoto wenye tatizo zito la kupanga miendo ya usemi, lile linaloitwa apraksia, Michael Hildebrand, Angela Morgan na wenzao wa Melbourne waliripoti mwaka 2020 kwamba kati ya watoto 34 waliopimwa, 11 walikutwa na kasoro ya jeni inayoeleza hali yao. Hiyo ni karibu theluthi moja, kiasi ambacho mwaka 2001 kisingeaminika. Tena kasoro nyingi kati ya hizo zimo katika jeni zinazosimamia jeni nyingine, kama ilivyo FOXP2. Katika hali moja ya kijeni inayofahamika vizuri, ile ya Koolen-de Vries, mwelekeo umekwisha kujulikana: maneno huchelewa sana, usemi wa miaka ya mwanzo ni mgumu mno, kisha hupata nafuu kadiri mtoto anavyokua. Mzazi anayeambiwa hivyo hukubali kutumia ishara na picha kwa sasa bila kuona kwamba amekata tamaa ya sauti.

Lakini mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni wa watoto ambao hawajaanza hata kubwabwaja. Galaktosemia ni ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtoto ashindwe kuvunja galaktosi, sukari itokanayo na maziwa. Baadhi ya nchi zinazopima damu ya kisigino cha kila mtoto mchanga huugundua ndani ya siku chache, na lishe isiyo na sukari hiyo huokoa maisha. Hata hivyo sehemu kubwa ya watoto waliookolewa hukua na matatizo ya usemi na lugha. Kwa miongo kadhaa utaratibu ulikuwa kungoja mtoto afike miaka miwili au mitatu, aonekane amechelewa, ndipo apelekwe kwa mtaalamu. Beate Peter wa Chuo Kikuu cha Arizona State aliuliza swali rahisi: ikiwa tunaijua hatari tangu wiki ya kwanza ya maisha, tunangoja nini? Akaanzisha mpango ambao wataalamu wa usemi huwafundisha wazazi, kwa njia ya video, namna ya kuchochea sauti, silabi na maneno ya kwanza kuanzia miezi ya mwanzo hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Matokeo ya awali yalitoka kwa kundi dogo, lakini yanatia moyo. Ninachokithamini hapo ni mwelekeo kuliko ukubwa wa matokeo. Hapa tiba ya usemi ilitangulia tatizo. Na utangulizi huo uliwezekana kwa sababu mbili zilizokutana: damu ilitaja hatari, na wasikilizaji walikwisha kuandika, mtoto kwa mtoto, jinsi watoto wa galaktosemia wanavyozungumza wakikua. Bila rekodi hiyo ya pili, tone la damu lingezungumzia maziwa tu.

Mpinzani makini atasema nimechagua mifano inayonipendeza. Atakuwa na haki kiasi. Takriban watoto 7 katika kila 100 wanaoanza shule huko Uingereza na Marekani wana tatizo la lugha lisilo na sababu inayoonekana, na wengi wao hawana jeni moja ya kulaumiwa. Wamerithi tofauti ndogondogo nyingi mno, kila moja ikiwa na nguvu kidogo, zikichanganyika na maisha waliyozaliwa ndani yake. Utafiti wa mwaka 2022 kuhusu tatizo la kusoma, uliotumia watu zaidi ya 50,000 wenye tatizo hilo na zaidi ya milioni moja wasio nalo, ulipata maeneo 42 ya vinasaba, na bado yote kwa pamoja hayawezi kumwambia mwalimu ni mtoto gani darasani mwake atakayeshindwa kusoma. Utafiti wa kigugumizi wa 2025 uko hivyohivyo, tena uliwategemea watu kujieleza wenyewe kama wamewahi kuwa na kigugumizi, jambo linalomchanganya aliyepona akiwa na miaka mitano na anayepambana nacho hadi leo. Nakubaliana na mpinzani kwamba anayewauzia wazazi alama ya hatari iliyojumlishwa kutoka vinasaba hivi anauza kitu kisichofaa kitu. Kwa mtoto wa Kiafrika hakifai maradufu, kwa sababu alama hizo hutengenezwa kwa watu wenye asili ya Ulaya na uwezo wake wa kubashiri hushuka sana kwa wengine. Hapo ndipo ninaposimama naye. Nisiposimama naye ni pale anapohitimisha kwamba basi mtaalamu wa usemi hana haja ya kuijua elimu hii. Mtoto mwenye kaakaa lisiloziba na mtoto anayepoteza maneno usingizini huingia kwa mlango uleule anaoingia mtoto wa kawaida aliyechelewa, na hakuna kibao shingoni mwao kinachowatofautisha.

Pingamizi jingine linatoka nyumbani. Tuna malaria, homa ya uti wa mgongo, watoto wanaokosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano wa watoto wachanga usiotibiwa mapema. Kwa nini tuongelee jeni? Pwani ya Kenya ina jibu, na limo katika kazi ya watu waliokwenda huko bila kushughulika na jeni hata kidogo. Julie Carter na wenzake wa Kilifi walionyesha miaka ya 2000 kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali walibaki na matatizo ya lugha. Ili kulionyesha hilo ilibidi kwanza watengeneze vipimo vya usemi kwa watoto wa pale, kwa sababu havikuwepo. Katie Alcock, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliowachunguza ndugu wa KE kule Uingereza, alifanya kazi Kilifi na wenzake kutengeneza orodha za maneno na ishara za watoto wadogo katika Kiswahili na Kigiriama, wakiwauliza wazazi kwa mdomo kwa kuwa wengi hawakuweza kujaza karatasi. Sijui mfano mwingine unaounganisha vizuri zaidi pande hizi mbili. Mtu aliyejifunza kwa KE kwamba jeni hutafutwa kwa kuanzia kwenye usemi alikuja pwani akaanza na usemi. Tena malaria na urithi havishindani. Ili ujue malaria ilimharibu mtoto kiasi gani, sharti ujue alizungumzaje kabla ya homa, na kaka zake na dada zake wanazungumzaje. Hilo ni swali la ukoo, yaani ni swali la mtaalamu wa jeni, hata kama linaulizwa mkekani kwa bibi.

Na lugha yenyewe ina madai yake. Alama ya tatizo la lugha haifanani kila mahali. Kwa Kiingereza, mtoto hukwama kwenye viambishi vya wakati. Kwa Kiitaliano, kwenye viwakilishi vidogo vinavyojishika na kitenzi. Kitenzi chetu hubeba nafsi, njeo, mtendwa na kauli katika neno moja, kwa hiyo nategemea tatizo lijifiche humo. Lakini Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba hata watoto wanaokua vizuri hukidondosha kiambishi cha nafsi kwa kipindi. Umri gani ni wa kawaida na umri gani ni wa kutia shaka? Na mtoto wa Eastlands, Nairobi, anayesema "kitabu yangu" hana ugonjwa wowote. Anasema kama mama yake na jirani zake. Mtaalamu atakayempima kwa ngeli za kitabu cha shule atamwandikia kasoro ambayo haipo, na kama rekodi hiyo itaingia katika utafiti wa jeni, tutakuwa tunatafuta katika damu ya mtoto kitu kilichomo katika lahaja ya mtaa. Uziwi umekwisha kutupa tahadhari ya namna hiyo kutoka upande wa pili. Jeni ya GJB2, iliyo muhimu mno Ulaya, ni nadra kuwa chanzo cha uziwi katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa Ghana, ambako katika kijiji cha Adamorobe badiliko moja la jeni hiyo limeacha viziwi wengi kiasi kwamba kijiji kina lugha yake ya ishara. Kuagiza kipimo cha Ulaya na kukitumia Tanga kama kilivyo ni kununua jibu la swali la watu wengine. Upande wa kigugumizi, mojawapo ya jeni zinazohusishwa nacho, AP4E1, ilitangazwa mwaka 2015 baada ya ukoo mmoja mkubwa wa Kamerun kusikilizwa na kuchorewa mti wake wa familia. Koo kama hizo zimejaa hapa kwetu. Wa kuzisikiliza ndio wachache. Shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza Makerere mwaka 2008 tu, ikiwa ya kwanza Afrika Mashariki, na wahitimu wake wametawanywa nchi kadhaa.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya aibu. Mtoto akichelewa kuzungumza, lawama huanza na mama: alikula nini akiwa na mimba, alimkosea nani. Wengine humpeleka mtoto kukatwa ule uzi wa nyama chini ya ulimi, wakisema ana udata, hata kama ulimi wake unafika vizuri kila mahali unapotakiwa kufika. Je, tukileta habari za jeni, hatutaihamisha lawama kutoka kwa mama na kuitandaza kwa ukoo mzima, hadi wasichana wa nyumba hiyo wakose wachumba? Hatari ipo, na anayetoa majibu ya vinasaba bila kukaa na familia akayaeleza anaizidisha. Lakini ushahidi wenyewe haupo upande wa lawama. Katika utafiti ule wa Melbourne, wengi wa watoto waliokutwa na kasoro walikuwa nayo peke yao. Baba hakuwa nayo, mama hakuwa nayo. Ilitokea upya katika yai au mbegu, kama yatokeavyo mabadiliko kadhaa kwa kila mtoto anayezaliwa duniani, mwenye usemi mwepesi au mzito. Wazazi wa namna hiyo wakitaka kupata mtoto mwingine, uwezekano wa tatizo kujirudia ni mdogo sana. Mtoto mwenyewe akikua na kuoa au kuolewa, kila mtoto wake atakuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi kasoro hiyo. Hayo ni mazungumzo mawili tofauti, yanayohitaji kufanywa kwa nyakati mbili tofauti, na atakayeyafanya huenda akawa mtaalamu wa usemi, kwa sababu ndiye mtu wa hospitali anayekutana na familia hiyo kila wiki, kwa miaka, huku mtaalamu wa jeni familia ikimwona mara moja tu, kama ikibahatika kumwona.